Mdogo wangu kaletewa mkataba wa wakala, miaka mitano na asilimia 20. Asaini au aachane nao?

DadaWaWinga

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada hasa nyie mliopo karibu na mambo ya mpira, maana hapa nyumbani tumegawanyika na jamaa anataka jibu wiki hii hii.

Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 17, anatimiza 18 mwezi wa kumi na mbili. Winga wa kushoto, anacheza timu moja ya First League (daraja la tatu) huku Morogoro. Simsifii kwa sababu ni damu yangu, hata makocha wa timu pinzani mechi ikiisha wanakuja kuuliza huyu mtoto wa nani. Sasa tangu msimu uliopita kuna jamaa kaanza kuja nyumbani, mstaarabu sana, mama anamwita "mama yangu", hajawahi kuja mikono mitupu, mara sukari mara mchele, na dogo kamnunulia viatu vya mpira vya laki mbili na themanini ambavyo sisi tusingeweza. Anasema ni wakala, amepeleka vijana wengi nje. Juzi kaja na mkataba, kurasa nne, akamwambia dogo asaini hapo hapo, nikasema hapana uache kwanza tuusome.

Nawaandikia vipengele vilivyonitisha kama vilivyo:

"3. Mkataba huu utadumu kwa miaka mitano (5) na utajihuisha wenyewe kwa miaka mitano mingine endapo mchezaji hatatoa notisi ya maandishi miezi sita kabla."

"5. Wakala atapata asilimia ishirini (20%) ya mapato yote ya mchezaji ikiwemo mshahara, pesa ya usajili, bonasi, posho na zawadi."

"8. Mchezaji hataruhusiwa kuzungumza wala kusaini na klabu yoyote bila wakala. Akikiuka atalipa fidia ya dola 50,000."

Na nje ya mkataba anataka tutoe milioni tatu na nusu ya viza, tiketi na hoteli ili dogo aende majaribio Oman kabla dirisha la usajili halijafungwa. Mama ana kiwanja Kihonda, mjomba kashamshawishi auze, anasema bahati haiji mara mbili. Dogo mwenyewe hataki kusikia neno baya juu ya huyu jamaa, jana kaninunia mpaka kalala bila kula.

Naomba kujua, hiyo 20 ndo bei ya kawaida? Miaka mitano je? Na ni sawa familia ndo itoe hela? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mpira nautazama tu kwenye tv.

Mwana Msamvu

Dada asaini tu, msimpotezee mtoto bahati. Nyie mnahesabu asilimia 20 ya nini wakati sasa hivi anapata posho ya nauli? Asilimia 80 ya mshahara wa Oman na asilimia 100 ya posho ya First League ipi kubwa? Mpira wa bongo bila koneksheni hutoki, vipaji vimejaa kila mtaa vinaishia kuendesha bodaboda. Huyo jamaa kamwona, kamnunulia viatu, kaja nyumbani kwa heshima zote. Hao mawakala wenye leseni zao wa Dar wangapi wamewahi kukanyaga Morogoro kumtazama dogo? Hao wanasubiri mchezaji aitwe Taifa Stars ndo wanajitokeza. Mjomba yuko sahihi.

KifunguKwaKifungu

Dada kwanza msiuze kiwanja. Nalisema mwanzo kabisa ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata.

Sasa tuje kwenye huo mkataba. Wakala wa mpira siku hizi ni mtu mwenye leseni ya FIFA, basi. Leseni anapewa mtu mwenyewe kwa jina lake, haipewi kampuni. Kuanzia 2015 FIFA waliachia hii kazi, mtu alijiandikisha tu kwenye shirikisho la nchi yake anaendelea na shughuli, ndo maana mtaani bado wamejaa watu wanaojiita wakala kwa mazoea ya kipindi kile. Kanuni mpya zikapitishwa Disemba 2022 na ilipofika tarehe 1 Oktoba 2023 leseni ikawa lazima. Mtu anakaa mtihani, maswali 20 ndani ya saa moja, anatakiwa apate 15, na mtihani wa kwanza kabisa wa Aprili 2023 karibu nusu ya walioufanya duniani kote walianguka pamoja na kwamba unaruhusiwa kupekua kanuni ukiwa unajibu. Akishafaulu analipia dola 600 kila mwaka. Majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti ya FIFA, unaandika jina unaliona au hulioni, huhitaji kumbembeleza mtu akuoneshe cheti. Fanya hiyo kazi leo. Muombe jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, asikwambie "leseni iko kwa bosi wangu", maana ukisikia hivyo ujue yeye hana.

Umri. Dogo ana 17. Kwa Sheria ya Mikataba ya kwetu, Sura 345, mtu asiyefikisha umri wa utu uzima hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba, na kanuni za FIFA zinasema wakala haruhusiwi hata kumsogelea mtoto au mzazi wake isipokuwa ndani ya miezi sita kabla ya kufika umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Na hata ndani ya hiyo miezi sita lazima kwanza apate idhini ya mzazi kwa maandishi, halafu awe amesoma kozi maalumu ya kuwakilisha watoto. Akikiuka anapigwa faini na leseni inaweza kufungiwa mpaka miaka miwili. Wewe unasema huyu anakuja tangu msimu uliopita na viatu mkononi. Hesabu mwenyewe.

Kipengele cha 3: mkataba wa wakala na mchezaji haruhusiwi mtu kuuandika zaidi ya miaka miwili, na kipengele cha kujihuisha chenyewe ni batili. Mkitaka kuendelea mnasaini mpya. Hapo maana yake kila baada ya miaka miwili wakala anatakiwa arudi mezani aoneshe kafanya nini, na nadhani hii ndo kanuni bora kuliko zote kwa mchezaji.

Kipengele cha 8: batili pia. Mchezaji anaruhusiwa kwenda kuongea na klabu mwenyewe na kusaini mwenyewe, na huwezi kumwadhibu kwa hilo. Hizo dola 50,000 zimewekwa pale kumtisha mama yako, hakuna zaidi.

Asilimia. Hapa nieleze vizuri maana watu wengi wanachanganya. FIFA waliweka kikomo, wakala wa mchezaji asizidi asilimia 5 ya mshahara kama mchezaji anapata chini ya dola 200,000 kwa mwaka, na kinachozidi hapo ni asilimia 3. Mawakala wakubwa wakaenda mahakamani, mahakama ya Ujerumani ikazuia, jopo la usuluhishi Uingereza nalo likakataa, na tarehe 30 Disemba 2023 FIFA wakasimamisha hicho kikomo pamoja na vipengele vingine kadhaa. Kwaiyo mtu akikwambia "sheria ni asilimia 5" jua hiyo ilisimamishwa. Lakini leseni haikusimamishwa, miaka miwili haikusimamishwa, ulinzi wa watoto haukusimamishwa. Kwenye mazoea wengi wanachukua mpaka 10. Sasa 20, tena ya kila kitu mpaka posho na zawadi, hiyo ni kumfanya dogo awe mfanyakazi wake.

Na la mwisho, Oman. Mchezaji wa chini ya 18 haruhusiwi kuhamishwa nchi moja kwenda nyingine, kanuni ya FIFA ya uhamisho iko wazi, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizo za mpira, au mambo ya vijana wa ndani ya Ulaya, au wanaoishi karibu kabisa na mpaka. Dogo wa Morogoro haingii kwenye hata moja. Akifaulu majaribio kesho klabu haiwezi kumsajili mpaka atimize 18. Sasa hilo "dirisha linafungwa" linamhusu vipi?

DadaWaWinga

Nashukuru sana KifunguKwaKifungu, nimesoma mara mbili na nimemsomea mama kwa sauti. Kuhusu jina, nimemuuliza kwa wasap akanijibu "kampuni yetu imesajiliwa BRELA" na kunitumia picha ya cheti. Nimetafuta jina lake kule FIFA silioni, nimejaribu na lile la kati pia. Mjomba anasema BRELA ni serikali kwaiyo ni halali.

Beki Mstaafu

Dada, BRELA inasajili hata duka la nyanya. Mjomba umwambie kwa heshima kwamba usajili wa kampuni ni jambo moja na leseni ya kumwakilisha mchezaji ni jingine kabisa.

Nimecheza ligi kuu na daraja la chini yake, nimewahi kuwa na wakala mzuri na nimewahi kukaa bila wakala, kwaiyo nataka nimjibu na Mwana Msamvu maana swali lake ni la maana, watu wasilipuuze. Kwanini wenye leseni hawaji Morogoro?

Hesabu iko hivi. Tuseme dogo anapanda Championship (daraja la pili) analipwa laki nne kwa mwezi. Asilimia 10 ni elfu arobaini. Wakala atoke Dar, alale gesti, alipe chakula, aangalie mechi tatu, hiyo hela ya miezi yote imeishia njiani. Ndo maana mawakala wa kwetu hawaishi kwa mshahara wa mchezaji, wanaishi kwa pesa ya usajili inayotolewa mkupuo, na kwa mauzo ya nje. Na kwa sababu hiyo wanafanya moja kati ya mambo mawili. Wenye akili wanachukua wachezaji wachache wanaokaribia kupanda, wanawasimamia. Wengine wanafunga vijana hamsini kwa mikataba mirefu kisha wanakaa wanasubiri, mmoja akitoboa wanamkamata na karatasi, wale arobaini na tisa hata simu zao hawapokei. Huo wa miaka mitano unaojihuisha unaonekana ni wa aina ya pili. Viatu vya laki mbili na themanini ni bei ndogo mno ya kumnunua mtoto miaka kumi.

Na kuna wanaopata kwa mlango wa nyuma, wanakubaliana na kiongozi wa klabu mchezaji atajwe kwa dau fulani, mchezaji anaambiwa jingine, katikati kuna cha juu wanagawana. Mchezaji anakuja kujua baada ya mwaka kwa kusikia kwenye redio alisajiliwa kwa shilingi ngapi. Ndo maana mimi nawaambia vijana siku zote, siku ya kusaini na klabu omba kuona karatasi inayoonesha klabu inamlipa nini wakala wako. Wakala msafi hakasiriki ukimuuliza.

Sasa wakala mzuri anafanya nini. Watu wanadhani kazi yake inaisha siku ya picha na jezi, kumbe ndo inaanza siku hiyo. Mshahara ukichelewa miezi miwili nani anaandika barua? Kwa mkataba wenye sura ya kimataifa kanuni inakuruhusu, klabu ikikudai... samahani, ukiidai klabu mishahara ya miezi miwili, unaipa notisi ya maandishi siku 15, wasipolipa unavunja mkataba kwa sababu halali na unakwenda FIFA kudai chako. Lakini ukiondoka kambini bila ile barua, wewe ndo unageuka mtoro na wao ndo wanakudai. Msuva wa Taifa Stars alipokwama na klabu ya Wydad kule Morocco alikwenda FIFA na akashinda. Angekuwa kijana asiye na mtu wa kumwongoza angepanda ndege akarudi nyumbani kimya kimya na hela zikapotea.

Mnakumbuka la Morrison, yule winga Mghana? Yanga walisema wana mkataba wake wa miaka miwili, kamati ya TFF (shirikisho la mpira la kwetu) ikasema una mapungufu, akaenda Simba, Yanga wakapeleka CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, na 2021 wakashindwa. Klabu kubwa vile, wanasheria wote wale, wakakwama kwenye karatasi. Na la Fei Toto, Disemba 2022 aliingiza milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini kavunja mkataba, kamati ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje ya uwanja miezi na miezi, mpaka Juni 2023 Rais alipowaomba Yanga walimalize ndo akatua Azam. Huyo ni kiungo wa timu ya taifa aliyekuwa na mwanasheria. Mchezaji wa First League hana Rais wa kumwombea. Ulinzi wake ni kile kilichoandikwa kabla hajasaini.

Kwaiyo sisemi dogo asiwe na wakala. Nasema asiwe na huyu. Kwa umri wake anachohitaji sasa ni dakika za kucheza na kupanda daraja. Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, 2011 akaenda TP Mazembe pale Lubumbashi, akakaa miaka zaidi ya minne, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 yeye na mwenzake Thomas Ulimwengu, Januari 2016 akaenda Genk, Aston Villa ni Januari 2020. Hakuna hatua hapo iliyolipiwa na kiwanja cha mama. Klabu ikikutaka kweli inakukatia tiketi yenyewe.

Mbio za Iten

Salamu kutoka Elgeyo Marakwet. Mimi si mtu wa mpira, niko kwa riadha, lakini hii story naijua vizuri sana kwa sababu huku kwetu karibu kila boma liko na mkimbiaji na kila mkimbiaji ako na meneja.

Kwa riadha mawakala wanapewa leseni na World Athletics na wengi wanachukua asilimia 15 ya zawadi na ya ile pesa unalipwa kwa kutokea tu kwa mbio. Sasa nikuonyeshe kwa nini hiyo asilimia ni lazima uandike ni ya nini. Chukua Boston Marathon, mshindi anapata dola 150,000. Marekani wanakata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni, hiyo ni 45,000 imeenda. Meneja akichukua 15 ya pesa yote kabla ya kodi ni 22,500, unabaki na 82,500. Akichukua 15 ya kile kimebaki baada ya kodi ni 15,750, unabaki na 89,250. Tofauti ni dola 6,750, hiyo ni ng'ombe wa maziwa kadhaa, na yote inategemea mstari mmoja kwa mkataba ambao watoto wetu hawasomi. Hiyo 20 ya huyo jamaa anasema "mapato yote". Kabla ya kodi ama baada? Haijaandikwa. Atakuja kuchagua yeye.

Kitu ingine, pesa inapitia wapi. Huku shida kubwa imekuwa hapo. Zawadi haitolewi siku hiyo hiyo, wanangoja majibu ya vipimo vya dawa, inaweza kuchukua miezi, na mara nyingi inaingia kwa akaunti ya meneja halafu yeye ndiye anatuma Kenya. Kuna wakimbiaji wamekaa wakiambiwa "bado waandalizi hawajalipa" na pesa iliingia zamani. Mwenye kukimbia anaogopa kuuliza kwa sababu meneja ndiye anampa mbio ingine. Mkataba wa ndugu yako uandikwe klabu imlipe mchezaji moja kwa moja kwa akaunti yake, halafu yeye ndiye amlipe wakala na kupewa risiti. Si kinyume.

Lakini niwe mkweli pia, kuna mameneja wametengeneza maisha ya watu. Kambi kama ya Kaptagat, mkimbiaji anapata kocha, daktari, chakula, mtu wa kupanga mbio mbili kwa mwaka badala ya kumkimbiza kila wikendi mpaka avunjike. Mtu hivyo anastahili asilimia yake na hakuna mwenye anamlalamikia. Uliza huyo jamaa vijana aliopeleka nje ni akina nani, upewe namba zao uongee nao bila yeye kuwa hapo.

Bi Ruwi

Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati mwaka wa kumi na kitu sasa, mume wangu anafuatilia sana mpira wa huku, nikaona nichangie maana limetajwa Oman.

Klabu za huku zina nafasi chache za wageni, na kwa kuwa ni chache wanataka mtu aliyeiva, aliyeonekana timu ya taifa au ligi kuu, akishuka leo kesho afunge goli. Hawatafuti mtoto wa kumlea. Wa kulea wanao wao wenyewe. Kwahiyo mwanangu ukisikia mtoto wa miaka 17 anaitwa majaribio Oman uliza ni klabu gani, na barua ya mwaliko iwe na jina la klabu na simu ya ofisi yao, kisha msiulize kwa huyo wakala, pigeni wenyewe huko ofisini. Mkikosa wa kuzungumza Kiarabu mniandikie inboksi nitapiga mie.

Vijana wanaletwa kwa viza ya kutembelea. Hiyo viza si ya kazi. Siku zake zikiisha kijana anahesabiwa faini kila siku, aliyemleta keshazima simu, na anaona haya kurudi kwao mikono mitupu kwa sababu anajua mali gani iliuzwa nyumbani. Hapo ndipo anaanza kuosha magari kwa kujificha. Nimeshawapikia watoto wa namna hii hapa nyumbani kwangu, hawali, wanalia. Wala si Ghuba peke yake. 2015 walipatikana vijana wa Liberia, wengine wa miaka 14, walipelekwa mpaka Laos kwa jina la akademi ya mpira, wamelazwa chini chumba kimoja.

Mwambie mama kiwanja akiwache hapo hapo kilipo. Na pasipoti ya mtoto ikae kwenu, asipewe mtu "aifuatilie".

Mwana Msamvu

Nimewasoma wote. Beki Mstaafu umenijibu kiungwana. Mi msimamo wangu ni kwamba bila mtu wa kukushika mkono hutoki, huo sijaubadili, ila hapa kwenye kutoa milioni tatu na nusu na dogo hata kusajiliwa haruhusiwi, hapo sina la kutetea. Sasa basi mtupe na njia, maana mkisema "asisaini" mnaondoka na dogo anabaki uwanja wa vumbi.

DadaWaWinga

Jamani asanteni, Bi Ruwi umenitoa machozi. Mama kasema kiwanja hakiuzwi na mjomba kanyamaza. Nimeuliza klabu ya Oman inaitwaje, jamaa kajibu "ni siri mpaka dogo asaini, klabu nyingine zisije zikaingilia". Alafu akaongeza kwamba tukikataa atataka viatu vyake na gharama zote alizotumia tangu mwaka jana, anasema ni kama laki tisa. Dogo ndo hilo limemtisha, anasema bora asaini kuliko mama adaiwe. Nimjibu nini? Na swali la Mwana Msamvu na mimi naliunga mkono, njia ni ipi?

KifunguKwaKifungu

Klabu ya siri haipo. Uhamisho wa kulipwa kutoka nchi hadi nchi unapita kwenye mfumo wa FIFA, klabu mbili na mashirikisho mawili yanaona, hakuna kinachofichika humo.

Laki tisa: kuna mahali mlisaini mkopo? Hakuna. Zawadi uliyompa mtoto bila masharti huwezi kuja kuigeuza deni kwa sababu familia imekataa kusaini. Akitaka viatu mrudishieni viatu, mtafuteni dogo vingine hata vya mtumba, tena kama ni hela ya viatu mimi nipo tayari kuchangia na naamini humu tutapatikana wengine. Dogo aelewe kwamba hakuna anayemdai mama yake.

Mtumie ujumbe huu, utume kwa wasap ubaki na ushahidi, usibishane naye kwa simu:

"Ndugu, tumeusoma mkataba. Mchezaji hajatimiza miaka 18 na familia haijatoa idhini ya maandishi kwa mtu yeyote kumwakilisha. Jina lako hatujaliona kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya FIFA. Hatutasaini na hatutalipa gharama yoyote ya safari. Kama kuna klabu inayomhitaji, iandike barua rasmi kwa klabu yake ya sasa. Tunaomba mawasiliano yote yapitie kwangu na sio kwa mtoto."

Akiendelea kutisha, nenda na skrinshoti zako TFF pale Karume Ilala, au anza na chama cha mpira cha mkoa hapo hapo Morogoro. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, nao waulize.

Kuhusu njia. Dogo akae na timu yake amalize msimu, na hakikisheni amesajiliwa vizuri kwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya kweli, sawa na cheti cha kuzaliwa na cha shule. Hili watu wanalidharau alafu linakuja kuua dili kubwa baadaye, mtoto kapunguzwa umri miaka miwili ili acheze mashindano ya vijana, siku ya pasipoti vyeti vinagombana. Usajili wake wa kila msimu pia ni faida kwa hizo timu ndogo, kwa sababu akija kuuzwa nje, asilimia 5 ya dau hugawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kocha wake akilijua hilo atakuwa na sababu ya kutunza kumbukumbu.

Mechi zake zirekodiwe. Simu yoyote yenye kamera nzuri, mtu akae juu kidogo, arekodi mechi nzima na sio magoli tu, maana mtu wa kutafuta wachezaji anataka kuona dogo anakimbia vipi akipoteza mpira. Klabu za ligi kuu zina timu za vijana na zinafanya majaribio yao, huko anakwenda kwa nauli ya basi na barua ya kocha wake.

Akifika 18 na klabu ya maana ikamtaka, hapo atafute wakala mwenye leseni, miaka miwili, asilimia iandikwe ni ya nini, na kabla ya kusaini wakala anatakiwa kuwaambia kwa maandishi kwamba mna haki ya kutafuta ushauri wa mwanasheria wenu. Saini kila ukurasa, mbaki na nakala yenu siku hiyo hiyo, sio "nitawaletea".

Beki Mstaafu

Nyongeza ndogo. Dada niandikie inboksi jina la timu na ratiba ya mechi za nyumbani. Nina rafiki yangu ni kocha wa vijana kwenye timu moja ya ligi kuu, simuahidi dogo kitu, ila naweza kumwomba apitie Morogoro siku akiwa njiani kuelekea Dodoma amtazame dakika tisini. Hela hahitaji, chai tu inatosha.